Je, Meno Yetu Yanatuamuru Kula Nyama?

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa shule za sekondari hupenda kuyajadili katika midahalo, liko moja lililo jepesi kwa ulimi na zito kwa akili: kwa nini binadamu hula nyama na mimea pia, ilhali ng'ombe hutosheka na majani na simba hutosheka na nyama? Kwa kawaida darasa hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hufungua vinywa na kuonyesha chonge, ukisema kwamba meno hayo tumepewa ya kurarulia, basi aliye na meno ya kurarulia na ararue. Upande wa pili huonyesha magego na urefu wa utumbo, ukisema kwamba viungo hivyo ni vya mla mimea, na kwamba nyama ni mazoea mabaya tu tuliyoyarithi. Pande zote mbili hufanya kosa la namna moja. Nasi walimu wa Kiswahili tuna wajibu wa pekee wa kulifichua kosa hilo, kwa kuwa mzizi wake mmoja umo katika lugha.

Tuanze na swali lenyewe. Maneno "kwa nini" hufanya kazi mbili katika Kiswahili. Mtu akiuliza kwa nini mto umefurika, anataka sababu: mvua imenyesha milimani. Akimwuliza jirani yake kwa nini amenunua jembe, anataka kusudi: anataka kulimia shamba la mihogo. Swali la kwanza hutazama nyuma, la pili hutazama mbele, na lugha haitulazimishi kusema tumekusudia lipi. Kauli ya kutendea huongeza utata. Twasema kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, jembe la kulimia, wala hapana ubaya, maana mhunzi alipokifua chuma alijua kisu chake kitakuja kukata nini. Kisha, kwa mazoea yale yale, twasema meno ya kutafunia na chonge za kurarulia. Sarufi ni ile ile, lakini mhunzi haonekani. Msemaji ameliingiza kusudi ndani ya jino kwa kiambishi kimoja, pasipo kutoa hoja yoyote.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishughulishwa na jambo hili hili la meno. Katika kitabu chake kuhusu maumbile alijiuliza iwapo meno ya mbele ni makali na magego ni mapana kwa bahati tu, akajibu kwamba jambo litokealo daima, au mara nyingi, haliwezi kuwa la bahati, hivyo hapana budi liwe na lengo. Jibu hilo lilitawala fikra za wasomi wengi kwa karne nyingi. Charles Darwin, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1859, alionyesha kwamba kati ya bahati tupu na kusudi iko njia ya tatu: viumbe huzaliwa wakitofautiana kidogo kidogo, wengine hudumu na kuzaa zaidi kuliko wenzao, na tofauti zilizowafaa hurithiwa na watoto wao, mpaka baada ya vizazi vingi mno kiungo huonekana kana kwamba kimechongwa na fundi. Muumini atasema kwamba kusudi liko kwa Muumba, nasi hatumpingi. Lakini muumini huyo hulisoma kusudi hilo katika maandiko yake. Halisomi katika chonge.

Tuutazame basi mwili, tukitafuta sababu na kuliacha kusudi kando kwa muda. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na hucheua. Mbega wa misitu yetu hacheui, lakini naye tumbo lake limegawanyika vyumba, humo majani huchachuka polepole kwa msaada wa vijidudu. Paka, kwa upande wake, hawezi kudumu bila kula viumbe wengine. Binadamu hana tumbo la mbega wala la paka. Ana tumbo moja la kawaida, na sehemu kubwa zaidi ya matumbo yake ni utumbo mwembamba. Kwa sokwe iliyo kubwa zaidi ni utumbo mpana, unaohitajika kwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Zaidi ya hayo, mwili wetu una madeni mawili ya zamani. La kwanza tunadaiwa kwa mimea. Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, lakini mababu wa nyani, sokwe na binadamu walipoteza uwezo huo makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, bila shaka kwa kuwa matunda waliyokula yaliwatosheleza. Ndiyo maana mabaharia waliokaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga waliugua kiseyeye. La pili tunadaiwa kwa wanyama. Vitamini B12, ambayo damu na neva haziwezi kwenda bila hiyo, hutengenezwa na vijidudu, nasi huipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haitupatii kwa kiasi cha kututosha.

Katika masomo ya elimuviumbe kiumbe wa namna yetu huitwa mlavyote. Neno hilo ni fupi na lafaa, lakini linadanganya. Hakuna mtu alaye vyote. Nyasi hatuziwezi, na hata nyama tupu isiyo na mafuta hatuwezi kuitegemea peke yake siku nyingi, maana ini hushindwa kuhimili wingi wa protini. Wainuiti wa nchi za barafu waliishi karibu na kaskazini ya dunia kwa samaki, sili na mafuta yao. Wajaini wa Bara Hindi hawajala nyama kwa zaidi ya miaka 2,000, ingawa wengi wao hunywa maziwa. Wote hao ni wazima na wamelea watoto. Upana huo wa uwezekano ndio unaotutambulisha zaidi kuliko chakula chochote kimoja.

Upana huo ulitoka wapi? Ushahidi bora umo katika korongo la Olduvai, kaskazini ya Tanzania. Mwaka 1959 Mary Leakey alifukua huko fuvu la kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, aliyeitwa Zinjanthropus. Magego yake yalikuwa makubwa ajabu, na taya zake nene, hata akapewa jina la utani la Mvunja Kokwa. Mahali pale pale palikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama, na kwanza ilidhaniwa kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza. Miaka michache baadaye yakapatikana mabaki ya kiumbe mwingine, mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi, ambaye mwaka 1964 aliitwa Homo habilis, yaani mtu stadi. Wataalamu walipoichunguza mifupa ile ya wanyama kwa darubini waliona alama za kukatwa kwa mawe makali, na mipasuko ya mifupa iliyovunjwa ili kutolewa uboho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1981. Na yule Mvunja Kokwa? Uchunguzi wa kemia ya meno yake, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo. Alikuwa na kinu kinywani, akasaga majani magumu. Nasaba yake ilitoweka yapata miaka milioni 1.2 iliyopita.

Hapa ndipo hoja ya chonge inapoanguka. Kadiri mababu zetu walivyozidi kula nyama, meno yao yalizidi kuwa madogo, wala hayakuwa makali zaidi. Kilichowawezesha kumpasua swala kilikuwa jiwe lililoshikwa mkononi. Kwa kweli, anayetaka kuona chonge za kutisha na asiende kwa simba. Amtazame sokwe mkubwa wa Virunga, yule gorila anayeishi katika mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo. Chonge zake zamshinda chui kwa kutisha, naye hushinda kutwa akila majani, mabua na mianzi. Meno hayo huyatumia kuwatishia na kuwapiga madume wenzake. Kwa hiyo mwanafunzi anayejisifia chonge zake mdahaloni ametoa ushahidi kuhusu vita vya madume wa kale, wala hakutoa ushahidi kuhusu chakula.

Kwa nini basi wale mababu waliiandama nyama, yenye hatari nyingi na fisi wengi? Jibu lililovuma sana lilitolewa mwaka 1995 na Leslie Aiello na Peter Wheeler. Ubongo wetu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Matumbo nayo ni ghali kuyalisha. Wataalamu hao walidai kwamba chakula bora, chenye nyama na mafuta, kiliruhusu matumbo kupungua, na akiba iliyopatikana ikaulisha ubongo. Ni hoja nzuri, lakini haikupita bila kupingwa: mwaka 2011 ulinganisho wa mamalia wengi haukuonyesha kwamba wenye ubongo mkubwa wana matumbo madogo, na mwaka 2022 wataalamu waliohesabu upya mabaki ya Afrika ya Mashariki walitilia shaka kwamba ulaji wa nyama uliongezeka mfululizo tangu binadamu wa kale waliposimama na kuwa warefu kama sisi. Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe wa Kibale nchini Uganda kwa miaka mingi, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba moto ndio uliotugeuza: chakula kilichopikwa, kiwe kiazi cha mwituni au paja la pofu, hulainika na kutoa nguvu zaidi. Huko Kanjera, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya, zana za mawe za yapata miaka milioni 2 zina alama za kukatia nyama na za kuchakatia mizizi pia. Na mate yetu yenyewe yana kiasi kingi cha kimeng'enyo cha kuvunja wanga, kuliko ya sokwe. Kwa maoni yangu wanaotafuta chakula kimoja kilichotufanya watu wanapoteza wakati. Nchi ilikuwa ya misimu isiyotabirika, mvua zikija na kukawia, na aliyeweza kula mzoga leo na kiazi kesho ndiye aliyeuona mwaka wa pili.

Jambo moja katika historia hii linagusa maadili kuliko mengine, nalo ni kugawana. Jane Goodall aligundua mwaka 1960 huko Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwamba sokwe hula nyama, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Nyama ni sehemu ndogo tu ya chakula chao, lakini matunda sokwe hula kila mmoja kwa mkono wake, ilhali nyama huvuta umati: wengine huketi wakinyoosha mikono wakiomba, na mwenye mzoga huwapa baadhi na kuwanyima wengine. Mwaka 1978 Glynn Isaac, aliyechimba Koobi Fora karibu na Ziwa Turkana, alipendekeza kwamba mababu zetu walibeba nyama na mimea hadi mahali pamoja na kugawana, na kwamba humo ndimo zilimozaliwa desturi za kutegemeana. Wapinzani wake walijibu kwamba rundo la mifupa halithibitishi karamu. Ni kweli, mfupa hausemi nani alimpa nani.

Sasa tuingie katika swali la maadili lenyewe. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alibainisha katika kazi yake ya miaka ya 1739 na 1740 kwamba waandishi huanza na maneno ya "ndivyo ilivyo", kisha, bila ya kueleza walivyovuka, hujikuta wakisema "ndivyo ipasavyo kuwa". Mdahalo wetu wa meno huvuka mto huo bila daraja. Kama kurithi jambo kutoka kwa mababu ni kibali, basi na tuwatazame sokwe wa Ngogo, katika msitu ule ule wa Kibale: wamewawinda mbega wekundu hata wakapungua sana katika eneo lao, na kwa miaka kadhaa waliwashambulia na kuwaua sokwe wa jirani, kisha wakaitwaa sehemu ya ardhi yao, habari iliyochapishwa mwaka 2010. Hakuna mwalimu atakayeandika ubaoni kwamba kumwua jirani ni halali kwa kuwa ni tabia ya kale. Upande wa pili nao hausalimiki. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1 na ya 2, aliyepinga ulaji wa nyama kwa moyo wa huruma unaostahili heshima, alitoa hoja kwamba binadamu hana makucha wala mdomo wa ndege mwindaji, hivyo hakuumbwa kula nyama. Lakini mtu hana mapezi, na wavuvi wa Kivu hawamwombi radhi samaki kwa sababu hiyo.

Linalotokana kwa haki na historia ya mwili wetu ni jambo dogo zaidi, nalo ndilo lenye uzito. Simba hana la kuamua; akimhurumia swala atakufa, na watoto wake watakufa. Binadamu anaweza kula hiki na kukiacha kile, akaishi. Mwenye kuweza kuacha anaweza kuulizwa kwa nini hakuacha. Ndiyo maana kila taifa limeizungushia nyama nyua nyingi kuliko mboga. Katika Kitabu cha Mwanzo watu wa kwanza wanapewa mimea, na ruhusa ya nyama inakuja baada ya gharika, ikiwa na sharti la kutokula damu. Uislamu umeruhusu nyama kwa masharti ya kuchinja na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Shamu aliyefariki mwaka 1057, alikwenda mbali zaidi, akaacha nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali, kwa kuwa aliona vyote hivyo ni mali ya viumbe walionyang'anywa. Akaandikiana barua na mtetezi mmoja wa utawala wa Kifatimi aliyetaka kujua sababu zake. Baganda nao wana miziro, na mtu hali mnyama wa ukoo wake, iwe kambare-mamba au mwingineo; uko hata ukoo wa uyoga.

Ila nyua hizo zisisifiwe zote kwa jumla, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa mila. Zamani huko huko Buganda wanawake walikatazwa kuku na mayai, na miiko ya namna hiyo ilikuwako kwa makabila mengi ya Maziwa Makuu. Ukiitazama vizuri utaona kwamba mara nyingi kilichokatazwa mama mjamzito ndicho kilichokuwa kinono, na aliyeketi kukila alikuwa mwanamume. Mwiko uliohifadhi mnyama ni kitu kimoja. Mwiko uliohifadhi sahani ya baba ni kitu kingine.

Aidha, anayesema leo kwamba anakula nyama kama mababu zake walivyokula hasemi kweli yote. Duniani huchinjwa kila mwaka zaidi ya wanyama wa nchi kavu bilioni 70, wengi wao kuku, na wengi wa kuku hao hawajawahi kuparua udongo. Mfugaji wa Ankole anayemjua kila ng'ombe kwa jina na rangi hafanyi jambo lile lile linalofanywa katika viwanda hivyo, ingawa mwisho wote hutumia kisu. Mateso ya mnyama ni hoja inayosimama kwa miguu yake yenyewe. Haihitaji meno wala mifupa ya Olduvai, na haijibiwi kwa hivyo. Mtu wa mjini mwenye maharagwe, karanga, maziwa na pesa mfukoni, ambaye hata B12 anaweza kuinunua dukani katika kidonge kilichotengenezwa kwa vijidudu, yampasa ajibu hoja hiyo kwa hoja.

Lakini si kila mtu amesimama hapo aliposimama. Mwaka 1998 ulianza utafiti katika shule za wilaya ya Embu, Kenya, ambapo watoto walipewa githeri: wengine ikiwa na nyama, wengine pamoja na maziwa, wengine ikiongezwa mafuta tu. Baada ya takriban miaka miwili, waliokula nyama kidogo kila siku ya shule waliongeza misuli zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri. Na katika Kongo, hasa pande za Kwango na Kwilu, uko ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938: mtoto au mama mwenye afya huamka asubuhi moja miguu ikiwa imekakamaa, wala hatatembea tena kama kwanza. Huwapata walao muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Mmea huo hujilinda kwa sumu ya sayanidi, na mwili wetu huweza kuivunja ukipata salfa ya kutosha kutoka katika protini, ile inayopatikana kwa wingi katika nyama, samaki na mayai. Anayekula muhogo peke yake siku zote, katika mwaka wa ukame au wa vita, hana kinga hiyo.

Swali la haki ya kuku halijafika bado katika nyumba hiyo, kwa sababu kuku hayupo. Tangu mwaka 2010 akina mama wa baadhi ya vijiji vya Kwango wamefundishwa njia nyepesi ya kupunguza sumu: unga wa muhogo hutiwa maji, hutandazwa ukawa tabaka jembamba juu ya mkeka, na kuachwa juani saa 2, au kivulini saa 5, ndipo hupikwa ugali jioni hiyo hiyo.